Huduma ya kuuliza maswali ya sheria kwa simu: nimeitumia mara tatu, nyota nne

Naandika hii maana kabla sijaitumia nilitafuta mtu aliyewahi kuitumia nikakosa, ikabidi nijitose tu. Ni zile huduma za kupiga simu au kutuma meseji, huko wanakopokea kuna wanafunzi wa sheria na wakili anayewasimamia, unauliza swali lako la kawaida la maisha unajibiwa bure. Jina siliweki, malalamiko yangu nayo yamo humu na sitaki kesi.

Mara ya kwanza ilikua dipoziti ya nyumba. Nimehama, nyumba nimeiacha safi, mwenye nyumba ananambia hela yote imeishia kwenye kupaka rangi. Nikapiga. Kusubiri kwake sasa, dakika 40 za kinanda kilekile kinajirudia, alafu anapokea binti na kitu cha kwanza anachotaka ni jina la mwenye nyumba. Nikaona huu umbea, mi nimepiga kuuliza sheria we unataka majina ya watu? Akanielewesha taratibu kwamba lazima waangalie kwanza kama mwenye nyumba nae hajawapigia kuhusu jambo hilohilo, maana wakishamsikiliza yeye na siri zake hawawezi tena kukaa upande wangu. Nikawa mpole. Kiukweli nilikua sijui kama wanasheria wana mambo hayo.

Nikauliza, hivi ana haki ya kuzuia hela yangu? Jibu: inategemea. Hilo neno mlizoee mapema, utalisikia mpaka usingizini. Ila baada ya inategemea yakaja maswali, na kwangu mi utamu wote wa hii huduma uko hapo, mkataba mliandikishana au mlikubaliana kwa mdomo, picha za siku unaingia unazo, za siku unatoka je, notisi ulitoa kwa maandishi, funguo umekabidhi tarehe ngapi na mbele ya nani. Mi miaka yote naamini mkataba wa mdomo ni maneno ya hewani, kumbe sehemu nyingi unahesabika kwa mambo mengi tu, kazi ni kuuthibitisha, na zile meseji mlizokua mnaandikiana kodi imeingia, asante nimepata, zinaweza kuwa ushahidi. Akanitenganishia uchakavu wa kawaida na uharibifu, rangi iliyofifia kwa kukaa ni jambo moja, ukuta nilioutoboa jambo lingine (nilitoboa, matundu mawili, ya tivii). Akasema kabla ya kuwaza mahakama mwandikie barua, taja kiasi, taja tarehe ya mwisho ya kulipa, nakala baki nayo. Nikaandika. Hela ikarudi, pungufu ya matundu mawili.

Najua kuna mtu atasema si uulize tu AI. Nilianzia huko! Ilinijibu vizuriii, inajiamini, na namba ya kifungu juu. Yule binti akakitafuta, akanambia sheria yenyewe inaisha kabla ya kufika namba hiyo. Na hawajanaswa wajinga kama mimi tu, 2023 kule New York mawakili kabisa walipeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT, hazijawahi kuwepo, jaji akawapiga faini ya dola 5,000. Kugoogle nako kuna mtego wake, unasoma maelezo matamu unajipanga kabisa kumbe ni sheria ya nchi nyingine, na Marekani hukohuko kila jimbo lina zake.

Mara ya pili nilikua na binamu yangu. Alimdhamini rafiki yake mkopo, rafiki kaacha kulipa na simu hapokei, sasa mkopeshaji anamganda binamu. Tukauliza kwani si wamtafute mkopaji mwenyewe kwanza? Wakasema soma ulichosaini, fomu nyingi za udhamini zimeandikwa kwamba wanaweza kuja kwako moja kwa moja. Binamu hakuwahi kuisoma. Hapa ndo nyota moja ilipopotea, maana aliyepokea siku hiyo alikua mwingine, tukaanza hadithi upya toka mwanzo, na kila tukiuliza sasa tufanyeje anarudia yeye anatoa maelezo ya sheria, hatoi ushauri juu ya kesi yetu. Nimeelewa kwanini, hajaona karatasi zote na akikosea tunaumia sisi, ila mtu mwenye shida anataka aambiwe fanya hivi, na angalau wangesema mapema kabla hatujamaliza nusu saa.

Ya tatu ni binamu huyohuyo, ameletewa samansi akaiweka juu ya friji siku 9 eti anatafakari. Niliwatumia picha, na hawa watu ambao kujibu meseji huwachukua siku mbili walipiga wenyewe ndani ya saa moja. Wakagoma kabisa kulijibu kwa meseji, wakasema samansi ina siku za kujibu, zikipita mahakama inaweza kuamua bila yeye kusikilizwa hata kama ana hoja nzuri, nendeni kwa wakili leo, wakatupa orodha ya wanaotoa msaada wa sheria kwa wasio na uwezo. Kwa hilo tu nawaheshimu, wangapi wanajua kusema hapa mwisho wangu.

Ukipiga uwe umeandika tarehe zako pembeni na karatasi ziko mkononi, na usianze na historia ya ukoo. Asubuhi na mapema foleni inakua fupi.

Juzi nimewatumia swali la nne, mzee kaandika wosia na mmoja wa mashahidi waliosaini ni mimi, na mi mwenyewe nimo kwenye kurithi, nataka kujua kama nimejiharibia. Wamejibu wanaomba jina la upande wa pili. Nikawaambia hamna upande wa pili hapa, hii ni familia. Wakaandika, sawa, basi tutumie majina ya ndugu zako wote.