TAHADHARI: "Barolo Riserva" ya boksi la chupa sita ni utapeli mtupu

Ndugu zangu mlioko Torino na kandokando, yule muuza mvinyo anayezunguka kwenye magrupu yetu akijiita mtu wa Langhe, vilima vya Piemonte unakotoka mvinyo mwekundu wa Barolo, msimpe hata senti. Jumamosi mvinyo wake uliniharibia nyama mezani.

Mchezo wake ni huu. Anafungua buti la gari, anatoa chupa iliyokwisha kufunguliwa, anakumiminia vidole viwili vya kuonja. Na ile ni Barolo ya kweli, hapo ndipo aliponimaliza! Nyekundu hafifu, ukishika glasi unaona vidole vyako upande wa pili, ukingoni imeanza kugeuka rangi ya tofali. Harufu ya waridi na lami. Ukimeza, ukakasi unakamata fizi kama umetafuna ndizi mbichi. Hiyo ndiyo zabibu ya Nebbiolo, na Barolo hutengenezwa kwa hiyo peke yake. Bei nayo haikushtua: euro 19, na supamaketi zipo Barolo za kawaida zinazokaribia hapo. Chupa begani imechomoza neno ALBEISA, jina la chupa ya wazalishaji wa huko. Sasa nani angekataa? Boksi likatoka limefungwa kwa gundi, euro 114 taslimu zikaenda.

Ndani ya boksi ni kitu kingine. Cheusi kuliko juisi ya rosela, kitamu cha sukari, hakina ukakasi wala uchachu. Na ukishakitia kwenye brasato, yaani nyama inayopikwa polepole ndani ya mvinyo, huna pa kukimbilia. Kilo moja na robo ya nyama ya ng'ombe, chupa nzima ya mililita 750, karoti, kitunguu, seleri, rozmari, mdalasini, karafuu tatu. Vikalala pamoja usiku kucha, kisha moto mdogo masaa matatu. Mwisho nyama inatolewa, mchuzi unachemshwa mpaka ubaki kikombe kimoja. Maji yanaondoka, sukari haiendi popote: ukakauka ukawa jamu. Siki ikaongezwa, chumvi ikaongezwa, jamu ni ileile. Barolo halisi ni kavu, yaani haina utamu wa sukari, na uchachu wake ndio unaokata mafuta, ndiyo maana watu wa Piemonte huinywa na nyama hiyohiyo, na agnolotti (tambi za kujazwa nyama), na jibini la Castelmagno. Hiki hata kwa jibini kilishindwa. Kilo na robo ya nyama, jamani!

Mtu huyu afungwe. Achukuliwe na Carabinieri wa NAS, askari wanaoshughulikia ulaghai wa vyakula na vinywaji, gari lipekuliwe, na kila aliyeuziwa arudishiwe hela yake yote pamoja na ya nyama. Risiti hatoi, bila shaka.

Dalili zilikuwepo, tena usoni kabisa. Lebo imeandikwa Riserva 2022. Aibu gani hii! Barolo ya kawaida hukaa ikikomaa miezi 38 kabla ya kuuzwa, kati ya hiyo 18 ndani ya mbao. Riserva hukaa 62, na hesabu inaanza tarehe 1 Novemba ya mwaka wa mavuno. Riserva ya 2022 basi haiwezi kuuzwa kabla ya tarehe 1 Januari 2028. Ni hesabu ya kidole, hakuna aliyeipiga.

La pili ni ule utepe wa serikali shingoni, unaochanika chupa ikifunguliwa. Kila chupa ina namba yake. Hizi zote sita zina namba moja! Kanakili utepe mmoja akabandika. Ukinunua boksi lolote la DOCG, daraja la juu la mvinyo wa Italia lenye utepe huo, fungua boksi palepale, weka chupa mbili sambamba, soma namba. ALBEISA isikudanganye, chupa tupu za aina hiyo zimejaa kwenye mapipa ya vioo, na wapo wazalishaji wa kweli wasioitumia. Ya kuonja nayo: mwambie afungue mojawapo kutoka boksi unalonunua. Akigoma, ondoka.

Walionunua, msizimwage wala msimrudishie. Zilizobaki zimefungwa ziwekeni hivyohivyo na utepe wake, ndizo zitakazopelekwa kwa NAS kuwa ushahidi.