Kundi la imeili la kulipia hapa Mtwara: lilivyomwaga siri ya bei yetu

Ofisi iliyotufungulia kundi la imeili wamenitumia meseji ya "karibu ulipie tena" na damu imeanza kunichemka upya, kwa hiyo acha niseme.

Sisi ni umoja wa wenye malori, tunabeba korosho kutoka maghala ya Tandahimba na Newala kushusha bandarini Mtwara. Wasapu ilitushinda: tangazo la kupakia linafukiwa na salamu za asubuhi, picha za harusi na ubishi wa Simba na Yanga. Tukachanga, tukaenda ofisi moja ya mambo ya kompyuta pale mjini (jina nawasitiri), wakatufungulia kundi la imeili. Unaandika kwa anwani moja, wanachama wote wanapata. Hapo sina ugomvi.

Msimu uliopita, minada ndiyo kwanza imeanza, nikatangaza: mzigo upo, kila mwenye gari anipe bei yake kwa tani nimpelekee mteja. Mzee wetu mmoja akabofya "Jibu", akaandika bei yake, na chini yake akaweka kiwango cha mwisho anachoweza kushuka. Jibu likaenda kwa kundi zima! Kumbe walilipanga hivyo, kila anayejibu anajibia kundini. Kabla ya adhuhuri wenzake wameshamsoma, kila mmoja kateremka kidogo tu chini yake. Mzee wa watu mzigo kaukosa hivihivi.

Nikawafuata. Namkuta kijana kajilaza kwenye kiti, simu mkononi, namweleza wala hanyanyui uso. Mwisho ananiambia, "Mama, tulia. Sistimu ndivyo ilivyo. Muwe mnasoma kabla ya kutuma."

Nitulie! Pesa yangu ameila yeye! Tena ni uongo, sistimu haiko hivyo. Majibu yaende wapi anachagua msimamizi wa kundi, na watu wanaoshindana bei unawawekea jibu liende kwa aliyetuma peke yake. Ni kazi ya kubofya mara mbili tatu. Ningeifanya mwenyewe, ila nywila ya usimamizi walikataa kutupa, eti "tutawafanyia sisi".

Baadaye mwanachama mwingine akasafiri, akaacha jibu la kujiendesha: "Nipo safarini Dar." Kila barua ikiingia, na hilo linamwagwa kwa wote. Kundi lililosimamiwa vizuri huyatambua majibu ya namna hiyo na kuyazuia. Letu ni kama chujio lililotoboka. Watu wakachoka, wakaanza "naomba mnitoe", nayo kwa wote, maana kiungo cha kujitoa hakipo. Gmail tangu 2024 inawadai wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwa watu wa Gmail waweke kitufe cha kujitoa kwa mbofyo mmoja kwenye barua za matangazo. Sisi ni wadogo, sawa, lakini hata kiungo?

Ila haki ya mtu mpe. Dereva mmoja alichelewa ghalani akaapa hakuambiwa. Nikafungua kumbukumbu za kundi, tangazo hilo hapo, tarehe na saa, na chini yake yeye mwenyewe kajibu "sawa". Wasapu angeshafuta. Siku hiyo nilitaka kuwapa nyota tatu, na nadhani tutalipia tena, mradi nywila tukabidhiwe.

Lakini mzee yule hadi leo akitaka kunipa bei anapanda bodaboda mpaka mlangoni kwangu, imeili hataki kuisikia. Andikeni nyota moja.