Faili la manusura: lihifadhiwe Winnipeg au liteketezwe?

Utaratibu wa fidia kwa waliodhulumiwa katika shule za bweni za Wenyeji wa Asili nchini Kanada, zilizoendeshwa na serikali na makanisa, ulifungwa 2021. Madai yalizidi 38,000, malipo yakapita dola za Kanada bilioni 3. Kazi iliyobaki ni mafaili: fomu ya madai, sauti ya ushahidi, nakala yake iliyoandikwa, na uamuzi. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamua yateketezwe, isipokuwa manusura mwenyewe aombe lake lihifadhiwe. Siku ya kuteketezwa ni 19 Septemba 2027.

Kwa usiri, kuteketeza kunashinda bila ubishi. Watu walisimulia kunajisiwa wakiwa wameahidiwa kwamba maneno hayatatoka chumbani. Kuna ambaye mpaka leo mke wake hajui. Tena haimgharimu manusura kitu: asipofanya lolote, faili linaondoka lenyewe.

Kwa ushahidi, mambo yanageuka. Kituo cha Taifa cha Ukweli na Maridhiano, Chuo Kikuu cha Manitoba mjini Winnipeg, kinatunza kumbukumbu za shule hizo, lakini nyingi ziliandikwa na serikali na makanisa, yaani mshtakiwa ndiye aliyeshika kalamu. Sauti ya mtoto aliyepigwa imo kwenye faili la fidia. Kulihifadhi kunataka aombe mwenyewe, na kwa mzee wa miaka themanini fomu hiyo si kitu kidogo.

Anayetaka wajukuu tu wasome anaweza kuchukua nakala yake, majina ya wengine yakiwa yamefutwa, akaiweka sandukuni. Aliyekwisha kusimulia hadharani hana sana cha kuficha. Ila asiyelala usiku akiwaza nani atasoma, mwacheni.