TAHADHARI: Pafyumu ya waridi na viungo inayouzwa kwa kukutana kivukoni Mwanza

Ndugu zangu wa Mwanza, na nyie wa Sengerema na Ukerewe mnaoagiza vitu mjini: kuna mtu anauza pafyumu ya waridi yenye viungo, ile ya kampuni ndogo ya marashi ya Ufaransa, na kilichomo ndani ya chupa sicho. Mdogo wangu amemlipa shilingi laki mbili na nusu kwa ajili ya sendofu yake. Mimi nauza udi na marashi ya kupima Makoroboi, kwa hiyo chupa aliniletea niinuse.

Anatangaza kwenye status ya WhatsApp na makundi ya akina mama, bei nusu ya ile ya Ulaya. Duka hana. Mnakutana Kamanga kivuko kikiwa karibu kuondoka, au stendi ya Nyegezi basi likipiga honi. Hapo anakupa kikaratasi alichokwisha kukipulizia. Kikaratasi ni halali kabisa: pilipili manga na iliki zinatangulia, waridi linafuata, karafuu nyuma yake. Chupa yenyewe imo kwenye boksi lililofungwa nailoni, na anakwambia ukiichana hairudishwi. Unanusa karatasi, unalipia chupa. Wizi wote uko hapo.

Na chupa ni ya kweli, ndiyo maana hata wajuzi wananaswa. Kampuni kubwa nyingi hubana pampu kwa bati isifunguke, lakini baadhi ya hizi ndogo hutumia pampu ya kuzungusha. Mwenye chupa tupu anajaza apendacho. Kuna kijana hupita madukani kuulizia chupa tupu za pafyumu za bei kali, hasa zenye maboksi yake. Tafadhali msimuuzie.

Ya mdogo wangu ilinuka spiriti, kisha waridi la sabuni, na kabla ya nusu saa mkono haukuwa na harufu yoyote. Shingoni akatoka vipele. Nadhani ndani waliongeza mafuta ya karafuu kuiga ukali wa viungo, na mafuta hayo yasipochanganywa kwa kipimo huunguza ngozi. Hilo limeniuma kuliko hela. Bibi harusi hakupaswa kuvaa mtandio kufunika shingo siku yake.

Nimesikia watu wanasema bandia hujulikana kwa waridi lake kuwa la maabara. Si kweli. Kilo moja ya mafuta ya waridi hula maua tani tatu na zaidi, kwa hiyo hata watengenezaji wanaoheshimika huchanganya ya shambani na ya maabara. Soma boksi badala yake. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka vitu vya harufu vilivyomo kwenye karafuu na waridi, kama eugenol, geraniol na citronellol, vitajwe kwa majina vikizidi kiwango fulani. Waridi lenye karafuu ambalo boksi lake halitaji hata kimoja, liache. Kisha geuza chupa ulinganishe namba ya toleo na ile ya boksi. Ya mdogo wangu hazikulingana, na jirani yetu wa Kirumba ana boksi lenye namba ileile.

Usitume hela kwa simu kabla hujapulizia ngozini kutoka chupa ileile utakayoondoka nayo, ukasubiri. Akikuharakisha, mwache aende.

Mliokwisha kulipa, msifute ujumbe wa muamala na msitupe chupa wala boksi. Namba ya simu aliyotumia iripotini kwa ujumbe kwenda 15040, kisha mfungue jalada polisi. Waambieni pia Shirika la Viwango (TBS), maana tangu 2019 vipodozi viko chini yao, na Tume ya Ushindani inayoshughulikia bidhaa bandia. Mdogo wangu ameshafungua jalada lake. Namba ya lile boksi ninayo dukani; mwenye chupa aje nayo tulinganishe kabla hajaenda kituoni.