Tathmini ya Chambo Bandia Kinachotulia Majini kwa Uvuvi wa Besi Asubuhi ya Baridi

Chambo bandia ninachokitathmini hapa kina umbo la samaki mdogo mwembamba, kina urefu wa sentimita 11 na uzito wa gramu 14, na kimetengenezwa kwa plastiki ngumu yenye uwazi ndani. Chini ya kidevu kina ulimi mfupi wa plastiki angavu unaokizamisha kinapovutwa, na tumboni kinaning'iniza ndoana tatu, kila moja ikiwa na ncha tatu. Nimekitumia kwa misimu miwili ya baridi, nikivua kwa miguu ukingoni bila mashua, kumtafuta samaki aitwaye besi mwenye mdomo mkubwa, yule wa jenasi Micropterus anayeishi katika maziwa na mabwawa yasiyo na chumvi. Mtengenezaji simtaji, kwa kuwa sifa na kasoro nitakazozieleza ni za aina nzima ya chambo hiki, na anayekusudia kununua anahitaji zaidi kujua cha kukagua.

Sifa yake kubwa ni kwamba ukiacha kukivuta kinabaki pale pale kilipo. Jambo hilo linaonekana dogo mpaka mtu afikirie hali ya besi wakati wa baridi. Joto la mwili wa samaki hufuata joto la maji, na maji yanaposhuka chini ya nyuzijoto 10 za Selsiasi mmeng'enyo wake hupungua kasi, njaa hupungua, na hana sababu ya kutumia nguvu kukimbiza windo linalopita haraka. Chambo cha kwanza alichochonga Lauri Rapala nchini Ufini mwaka 1936 kilikuwa cha gome la koki, chenye kuelea, na chambo cha namna hiyo kikiachwa hupanda juu. Chambo cha chuma chenye umbo la kijiko nacho kikiachwa huenda chini moja kwa moja. Vyote viwili ni vyombo vizuri katika majira ya joto. Katika maji ya baridi, hata hivyo, vinamwondokea samaki wakati ule ule anapoanza kuvikaribia, ilhali hiki kinamsubiri kwenye kina cha mita moja na nusu hivi kwa muda wowote mvuvi atakaoweza kuvumilia.

Uvumilivu huo ndio mtihani wenyewe. Asubuhi moja ambayo imenikaa akilini, hewa ilikuwa chini ya sifuri na kipimajoto changu kilisoma nyuzijoto 6 majini. Nilisimama mahali ambapo ukingo wa mawe unashuka kwa ghafla, kwa sababu anayevua kwa miguu hana budi kuchagua pale ambapo maji ya kina kirefu yako karibu na nchi kavu. Ukingo wa mteremko mpole humlazimisha kutupa mbali sana na bado chambo kikaishia kwenye maji mafupi yasiyo na samaki. Kwa saa nzima nilikivuta kama nilivyozoea, mapigo mawili ya ncha ya ufito wa kuvulia kisha kutulia kwa hesabu ya tano, na sikuguswa na kitu. Niliporefusha utulivu hadi hesabu ya ishirini, mshipi uliokuwa umelegea juu ya maji ulisogea kando kiasi cha upana wa kiganja. Sikuhisi mpigo wowote mkononi. Besi hufungua kinywa na vifuniko vya matamvua kwa pamoja, maji yakaingia kwa mvuto na chambo kikaingia nayo, na iwapo mshipi una ulegevu kidogo, habari pekee inayomfikia mvuvi ni ile ya macho. Nilikunja ulegevu, nikainua ufito, na uzito ulikuwapo.

Kuanzia siku hiyo nimekuwa nikisema kwamba chambo hiki kinauzwa kikiwa nusu tu. Nusu ya pili ni kukisawazisha, na hapa ndipo maelezo ya kwenye pakiti yanapomwacha mnunuzi peke yake. Neno "kinatulia" lililoandikwa pale lina maana katika joto moja tu la maji, kwani maji huwa mazito zaidi karibu na nyuzijoto 4 na huwa mepesi yanapopata joto. Tofauti kati ya nyuzijoto 4 na 20 ni chini ya asilimia 0.2, lakini kwa chambo kinachochukua nafasi ya mililita 14 hiyo ni takriban gramu 0.025, kiasi kinachotosha kabisa kukifanya kizame polepole wakati wa joto na kupanda polepole wakati wa baridi. Changu kilipanda. Nilijaza ndoo kwa maji ya ziwani, nikakitumbukiza kikiwa na ndoana zake zote, pete zake na kibano kile kile ninachofungia mshipi, kisha nikabandika chini ya kifua vipande vya utepe mwembamba wa risasi, nikivipunguza kwa mkasi hadi kilipokaa bila kupanda wala kushuka, kichwa kikiinama kidogo. Kazi hiyo ilinichukua nusu saa, na nadhani imenipatia samaki wengi kuliko rangi yoyote niliyowahi kuichagua. Anayebadilisha ndoana kwa nyingine nene zaidi akumbuke kwamba anabadilisha pia usawa huo, na inambidi arudi kwenye ndoo.

Mshipi nao unaingia katika hesabu. Mshipi wa kusokotwa wa polietilini ni mwepesi kuliko maji, hivyo huelea na kukivuta chambo juu. Isitoshe, hunyonya maji na kuyaacha kwenye pete za ufito, ambako huganda na kuziba njia mpaka kutupa kunashindikana. Mshipi wa florokaboni, aina ya plastiki, una uzito wa karibu mara 1.8 ya maji, huzama, na hubeba maji kidogo kuliko ule wa kusokotwa. Mimi hutumia florokaboni peke yake, nyembamba, na bado asubuhi kali hunibidi kuzichovya pete majini kila baada ya mitupo kadhaa ili barafu iyeyuke, badala ya kuibandua kwa kucha na kuhatarisha ukingo laini wa pete.

Kasoro zipo. Ndoana tisa zikihesabiwa kwa ncha ni nyingi mno kwa vidole vilivyokufa ganzi, na mara mbili zimenasa glavu yangu ya sufu nikiwa bado nimemshika samaki, jambo la hatari kwa wote wawili. Nimevibana kwa koleo vijimwiba vya ndoana vinavyomzuia samaki kuchomoka, na samaki waliopotea kwa sababu hiyo ni wachache kuliko nilivyohofia. Sasa ndoana hutoka kwa urahisi, nami sihitaji kumweka muda mrefu nje ya maji. Hewa iliyo chini ya sifuri huweza kugandisha utando wa matamvua, kwa hiyo humfungulia ndoana akiwa bado majini kila inapowezekana, mikono ikiwa imelowa, na kamwe simlazi juu ya ardhi yenye barafu. Kasoro nyingine ni gololi za chuma zilizomo tumboni, zinazogongana kwa kelele kila ufito unapopigwa. Katika maji yenye tope zinasaidia. Katika maji angavu na tulivu ya asubuhi isiyo na upepo nimeona samaki wakigeuka na kuondoka, na ningependa mtengenezaji auze pia toleo la kimya.

Rangi nimezijaribu kadhaa na sina mengi ya kusema: ya fedha yenye uwazi kwa maji angavu, nyeupe kwa maji yenye ukungu, basi.

Asiyeweza kusimama bila kuvuta kitu asikinunue, kwa sababu kikivutwa mfululizo hakina ubora wowote unaokizidi chambo cha kawaida cha kuelea. Na pale ambapo samaki wamelala kwenye kina cha mita sita au zaidi hakitawafikia. Hapo kitu kizito chenye kuburutwa chini kinafaa zaidi. Lakini kwenye ukingo mkali wa mawe, jua linapoanza kuligusa jiwe na maji ya juu kupata joto la kwanza la siku, sijaona chombo kingine ninachoweza kukiacha mbele ya besi kwa hesabu ya ishirini, na wakati mwingine ya thelathini, kikiwa hai machoni pake na kimya mkononi mwangu.