Mnandi mkubwa au mnandi mkia-mrefu?

Msimu wa kutaga ukipita, minandi (ndege wa majini wanaozamia samaki) wa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi huvua mapambo yao, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa pale kando ya bwawa la Hyena Dam. Mnandi mkia-mrefu hupoteza kishungi kidogo cha kwenye paji la uso, weusi wake unafifia kuwa wa kahawia, na kidevu kinakuwa cheupe cheupe. Mnandi mkubwa hupoteza baka jeupe la pajani, lakini koo na kifua hubaki vyeupe pe mwaka mzima. Kwa ndege aliyekomaa, kifua hicho chatosha.

Shida ni makinda. Wa aina zote mbili wana weupe tumboni, kwa hiyo hapo usitegemee rangi hata kidogo. Angalia umbo. Mkubwa ana urefu wa sentimita 80 hadi 100, mdomo mzito wenye ndoana nchani na shingo nene. Mwenzake hafiki hata sentimita 60, mdomo wake ni mfupi wa manjano, na mkia unaonekana mrefu kupita kiasi kwa mwili ule, hasa akitandaza mabawa juu ya gogo kuyaanika.

Ukiwa na darubini, tazama jicho la ndege aliyekomaa: jekundu ni mkia-mrefu, la kijani ni mkubwa. Mimi naiamini alama hii kuliko zote. Mkia-mrefu hupenda maji ya kina kifupi karibu na matete. Mkubwa huzamia katikati ya bwawa.