Leza ya Mawe ya Figo: Kazi Nzuri, Ila Uliza Habari za Mpira

Kwa kuvunja jiwe lenyewe, leza ya holimiamu inastahili sifa zake. Hata mawe magumu yanayokaidi mawimbi yanayopigwa kutoka nje ya mwili huyamaliza, tena bila kisu. Mgonjwa hupewa nusu kaputi au ganzi ya mgongoni. Kamera nyembamba hupitishwa njia ya mkojo, kibofu, kisha mrija unaopanda kwenye figo, na ndani yake uzi wa kioo wenye unene wa maikroni 200 hivi. Mwanga wa leza unaopita kwenye uzi huo, wa nanomita 2,100, hunyonywa haraka na maji, kwa hiyo haupenyi hata nusu milimita ndani ya nyama. Ncha ikiwekwa juu ya jiwe, ukuta wa mrija husalimika.

Daktari huchagua kati ya kusaga jiwe liwe unga na kulipasua vipande. Kusaga ni nguvu ndogo, kama jouli 0.3, kwa mipigo 50 au zaidi kwa sekunde. Kupasua ni jouli 0.8 hadi 1, mipigo 6 hadi 10, kisha vipande huokotwa kwa kikapu cha waya. Kusaga kunavutia, ila unga uliotuama kwenye pembe ya chini ya figo hautoki kirahisi, na unaweza kuwa mbegu ya jiwe jingine.

Ukubwa usipuuzwe. Chini ya sentimita 2 leza ni chaguo zuri. Kubwa kuliko hapo, upasuaji wa tundu dogo la mgongoni husafisha vizuri zaidi. Anayeahidi kumaliza jiwe la sentimita 3 kwa leza siku moja huenda anakuuzia awamu mbili.

Hatari iliyo kubwa kuliko leza yenyewe ni maji yanayosukumwa ndani ili daktari aone. Yakiwa machache, joto hupanda. Yakisukumwa kwa nguvu kupita kiasi, bakteria waliomo kwenye mkojo huingia kwenye damu. Ndiyo maana mkojo lazima uoteshwe maabara siku kadhaa kabla, na wadudu wakionekana watibiwe kwanza. Kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo pekee hakitoshi. Kituo kinachokupeleka chumba cha upasuaji bila jibu hilo hatukipi hata nyota moja, mashine yake iwe mpya namna gani.

Wakati mwingine mrija huwa mwembamba na kamera haipiti. Daktari makini halazimishi: huweka stenti, yaani mpira mwembamba wenye tundu unaoachwa ndani ya mrija ili ubaki wazi, mgonjwa hurudi baada ya wiki moja au mbili mrija ukiwa umelegea. Kulazimisha ndiko kunakochana mrija na kuacha kovu linaloziba. Ulizia mapema kama safari hiyo ya pili inalipiwa upya.

Na huo mpira ndio unaolalamikiwa kuliko jiwe. Una unene wa milimita 2 hivi, umejikunja kwenye figo na kwenye kibofu. Huleta haja ya mkojo kila saa, maumivu ya kiuno wakati wa kukojoa, na mkojo wa rangi ya rozela. Tamsulosini, dawa ya kulegeza misuli ya njia ya mkojo, hupunguza kero hiyo. Mara nyingi huwekwa pia baada ya kuvunja jiwe, ukakaa siku chache hadi wiki mbili; ukisahaulika miezi, chumvi huugandia na kuutoa kunakuwa upasuaji mwingine. Usiondoke wodini bila tarehe ya kuutoa iliyoandikwa, na ujue kama una uzi wa kuvutia au utahitaji kamera tena, maana kamera ina bei yake.

Homa ya nyuzi 38 au kutetemeka, mabonge ya damu, kushindwa kukojoa: rudi hospitali siku hiyohiyo, si duka la dawa. Vipande vya jiwe navyo visitupwe. Vipelekwe maabara vijulikane ni chumvi gani, kwa kuwa jiwe la asidi ya yuriki huzuiwa kwa njia tofauti na la kalisi.